Nzi wa Matunda: Maswali ya Wasomaji

Wale nzi wadogo wanaorukaruka juu ya ndizi mbivu jikoni ndio wanaoharibu maembe shambani? (Msomaji, Umoja)

Siyo. Wa jikoni ni Drosophila: ana milimita 2 hadi 3, mara nyingi macho yake ni mekundu, na hufuata tunda lililoanza kuchacha. Mharibifu wa shambani ni wa familia nyingine, Tephritidae. Ni mkubwa zaidi, mabawa yake mara nyingi yana mabaka au mikanda, na jike ana mrija mgumu wa kutobolea ganda la tunda likiwa bado mtini. Jina moja limewabeba wote wawili, ndiyo maana watu huwachanganya.

Nimenasa nzi kadhaa kwenye mtego Machakos. Nitajuaje ni wa aina gani?

Tafuta lenzi ya kukuza mara 10, kisha uangalie mgongo wa kifua, mabawa na skutelamu, yaani kile kibamba kidogo mwishoni mwa kifua.

Mistari miwili ya njano ubavuni mwa kifua, bawa angavu lenye ukanda mwembamba wa hudhurungi ukingoni, na alama nyeusi ya T juu ya tumbo: hizo ni dalili za Bactrocera dorsalis, adui mkuu wa maembe. Ukiona mstari wa tatu wa njano katikati ya mgongo, na baka kubwa kwenye ncha ya bawa, huyo ni Zeugodacus cucurbitae wa matango, karela na maboga. Wa jenasi ya Ceratitis ni wafupi, na mabawa yao yana mikanda ya njano na kahawia. Ceratitis cosyra ana rangi ya njano na vidoa vitatu vyeusi kwenye skutelamu. Dume wa Ceratitis capitata ana nywele mbili kichwani zinazoishia kwa vibao vyeusi vyenye umbo la almasi.

Usiamue kwa rangi ya mgongo peke yake. B. dorsalis huwa mwekundu-kahawia, mweusi, au katikati ya hizo, na hapo ndipo wengi hudhani wamepata spishi mbili.

Mbona huyo dorsalis zamani aliitwa invadens?

Aligunduliwa Pwani ya Kenya mwaka 2003, na mwaka 2005 akaelezwa kama spishi mpya, Bactrocera invadens. Baadaye watafiti walilinganisha maumbile, DNA, kemia ya harufu na tabia ya kujamiiana, wakaona hakuna mpaka wa kweli kati yake na dorsalis wa Asia. Mwaka 2015 majina yakaunganishwa. Hili si suala la majina tu: masharti ya karantini na matibabu ya matunda ya kuuza nje huandikwa kwa jina la spishi. Kwa Ceratitis rosa mambo yalienda kinyume. Mwaka 2016 aligawanywa, na sehemu yake ikaitwa Ceratitis quilicii. Madume hutofautishwa kwa umbo la miguu ya kati.

Nimetundika methyl eugenol, kivutio cha nzi, shambani kwa matango, na mtego hauna kitu. Nimenunua dawa bandia?

Huenda dawa ni nzuri, ila umemwita mgeni asiye wako. Methyl eugenol huvuta madume wa B. dorsalis. Nzi wa matango hufuata cuelure. C. capitata na rosa hufuata trimedlure, na cosyra hufuata terpinyl acetate. Zote hizo huvuta madume. Ukitaka majike tumia chambo cha protini, kwa mfano hamira ya torula, na uchuje mtego kila wiki kabla nzi hawajaoza.

Makosa mengine mawili: kushika vivutio tofauti kwa glavu zilezile, na kusahau kupaka grisi kwenye waya wa kutundikia. Siafu na sisimizi hula nzi, wakakuachia mabawa.

Nipeleke mabuu au nzi waliokomaa kutambuliwa?

Waliokomaa. Mabuu ya spishi nyingi yanafanana mno. Weka tunda kwenye chombo chenye mchanga mkavu wa sentimita 2 au 3, funika kwa wavu, na uweke kila aina ya tunda peke yake. Mabuu yatatoka na kugeuka pupa mchangani. Uchekeche, uhifadhi pupa hadi wapasuke. Sasa vumilia: lisha nzi sukari na maji siku 3 au 4 kabla ya kuwagandisha kwenye friji. Anayeuawa akiwa ametoka tu huwa laini, amepauka, na alama zake hazijakaa. Wakitokea nyigu wadogo usiwatupe, ni vimelea vya nzi.

Hifadhi kwenye ethanoli ya asilimia 70 kwa kuangalia umbo, au 95 kwa DNA. Mabuu yachovye kwanza kwenye maji yaliyokaribia kuchemka, la sivyo yatakuwa meusi. Ndani ya chupa tia karatasi iliyoandikwa kwa penseli: mahali, tarehe, tunda, kivutio. Wino wa kalamu huyeyuka. Hapa Nairobi, icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichoko Kasarani, inatafiti nzi hawa, na Makumbusho ya Taifa yana mkusanyiko wa wadudu wa kulinganishia.

DNA haiwezi kumaliza kazi yote?

Husaidia sana kwa mabuu yaliyokutwa ndani ya tunda linalosafirishwa. Lakini kipande cha jeni ya COI kinachosomwa kwa kawaida, cha herufi 658 hivi, hushindwa kutenganisha ndugu wa karibu kama kundi la Ceratitis rosa na Ceratitis anonae. Hapo unarudi kwenye hadubini.