Kabla hujafuata signali ya bure, nunua daftari

Mdogo wangu, karibu kwenye soko la forex, yaani biashara ya fedha za kigeni na dhahabu mtandaoni. Najua ulivyofika. Rafiki alikutumia linki ya Telegram, ukajiunga na kundi la signali, yaani ujumbe wa kukuambia ununue au uuze nini na kwa bei gani, lenye maelfu ya watu, na siku ya kwanza tu ukakuta skrinshoti za faida zimepangwa kama nguo za mtumba siku ya kufungua belo. Hukuombwa hata shilingi. Mimi niliingia hivyohivyo mwaka 2019, nikiwa nauza makava ya simu Kariakoo. Akaunti yangu ya kwanza ilikuwa na dola 150, na iliungua, yaani pesa yote iliisha, ndani ya siku kumi na moja. Hakuna aliyeniibia. Nilifuata kila signali kama ilivyotumwa, bila kuruka hata moja, na akaunti ikaungua palepale huku kundini watu wanapongezana.

Ilinichukua muda kuelewa iliwezekanaje. Niliyoyaelewa ndiyo haya ninayokuandikia.

Swali la kwanza si kama signali ni nzuri. Jiulize huyu jamaa anaamka alfajiri kukutumia signali kwa faida gani. Mara nyingi jibu limekaa kwenye ujumbe uliobandikwa juu kabisa ya kundi: "Fungua akaunti kwa linki hii ndipo uunganishwe." Hiyo linki ina namba ya huyo jamaa. Kila unapofungua na kufunga oda ya kununua au kuuza, broka, yaani kampuni inayokupa akaunti, anamkatia kamisheni kulingana na loti ulizocheza, yaani kipimo cha ukubwa wa oda. Tuseme analipwa dola 5 kwa loti moja, na watu 400 wanafuata signali moja kwa loti 0.05 kila mmoja. Jumla ni loti 20, yaani dola 100 mfukoni mwake kwa signali moja, mshinde au mshindwe. Akituma tano kwa siku, hesabu umeiona. Yapo pia makubaliano ambayo anayeleta wateja hupata fungu la kile ambacho wateja hao wamepoteza. Huyo sasa hasara yako ndiyo mshahara wake.

Sisemi kila mwenye linki ni tapeli. Kulipwa kamisheni peke yake si utapeli, na wapo wanaosema wazi kwamba wanalipwa. Ila anayelipwa kwa wingi wa oda ana sababu ya kutuma signali hata siku ambayo soko halina kitu. Kwa hiyo angalia idadi. Kundi linalotuma signali kumi na mbili kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa, linanitia shaka kuliko lile linalokaa kimya siku mbili.

Wengine hawana linki ya broka, wana chumba cha VIP cha kulipia. Kundi la bure ni kibaraza tu, duka liko ndani. Wengine, na hawa ndio wabaya, watakufuata pembeni: "Mdogo wangu, tuma pesa kwenye namba hii nikutradie, faida tugawane." Hapo hakuna cha kupima. Toka. Vilevile usimpe mtu neno la siri la akaunti yako ya biashara, hata akikuonyesha picha akiwa ameegemea Range Rover.

Sasa tuje kwenye daftari, maana ndipo kazi ilipo. Usiweke pesa. Fungua akaunti ya demo, yaani ya mazoezi kwa pesa zisizo za kweli, kisha andika signali arobaini mfululizo bila kuchagua. Andika saa ilipoingia kwenye simu yako, bei waliyotaja, bei uliyoikuta wewe ulipofungua chati, SL yaani mahali pa kukata hasara, TP yaani mahali pa kuchukua faida, na mwisho wake ulivyokuwa. Andika kwa kalamu. Nasema kalamu kwa sababu mwenye chaneli ya Telegram anaweza kufuta ujumbe wowote usibaki hata alama, na anaweza kuurudia na kuubadilisha. Ukibadilishwa, pembeni ya saa hutokea maandishi madogo kwamba umehaririwa, lakini hayakuambii kilichobadilishwa ni nini. Zamani nilikuwa nausambaza ujumbe kwenda kwenye hifadhi yangu mwenyewe ili nibaki na nakala. Siku hizi chaneli nyingi zimefunga kusambaza na kunakili. Daftari halifungwi.

Nikuonyeshe ukurasa mmoja wa Juni 2024. Kundi lilijisifu kupatia mara 92 kwa 100. Saa nane na dakika 42 mchana simu ikalia: nunua dhahabu 2,338, TP 2,341, SL 2,330. Nilikuwa namhudumia mteja. Nilipofungua chati, dakika mbili zilishapita na bei ilikuwa 2,339.60, kwa sababu bei ilikuwa tayari inapanda. Mtuma signali, aliyeingia kwenye 2,338, alikuwa anatafuta dola 3 na kuhatarisha dola 8. Mimi niliyeingia kwenye 2,339.60 nilikuwa natafuta dola 1.40 na kuhatarisha dola 9.60. Signali ni ileile, biashara ni mbili tofauti. Yeye akishinda mara 73 kwa 100 anarudisha pesa yake. Mimi nilihitaji kushinda zaidi kidogo ya mara 87 ili tu nisipate wala nisikose, na hapo sijatoa spredi, yaani tofauti kati ya bei ya kununua na ya kuuza.

Siku hiyo bei ilifika 2,341. Kundini zikamwagika fataki na mioto. Kwenye daftari langu niliandika: nimeshinda, 1.40.

Baada ya signali arobaini nilijumlisha. Zilizofika kwenye faida zilikuwa 31, zilizokula hasara 9. Si 92 kwa 100, ni kama 77, lakini hata hiyo ukimwambia mtu ataona ni maajabu. Kwa loti 0.01 ya dhahabu, bei ikitembea dola moja unapata au unapoteza dola moja, kwa hiyo hesabu ni nyepesi hata kwa mtoto. Zile 31 ziliniletea wastani wa dola 3, jumla 93. Zile 9 zilichukua wastani wa dola 12, jumla 108. Nimeshinda mara 31, nimeshindwa mara 9, na nimebaki na hasara ya dola 15.

Usiulize kundi linapatia mara ngapi. Uliza likikosa linakosa kwa kiasi gani. Mtu anaweza kupatia mara tisa kwa kumi kwa kuweka TP karibu na SL mbali, au kwa kutokuweka SL kabisa. Hii ya pili ndiyo iliyoichoma akaunti yangu ya kwanza. Ujumbe ulikuwa unasema "SL nitatuma baadaye." Bei ikienda vibaya, ujumbe wa pili: "Ongeza loti, tunashusha wastani wa bei tuliyonunulia." Ikiendelea, wa tatu: "Shikilieni, dhahabu itarudi." Na mara nyingi hurudi kweli, ndiyo maana watu wanaamini. Ile mara moja isiporudi inabeba zote zilizotangulia. Ukiona neno "shikilieni" mara mbili katika wiki moja, huhitaji kumaliza zile arobaini.

Kuna mchezo mwingine ambao hesabu yake naipenda, ingawa mchezo wenyewe ni mchafu. Mtu anafungua chaneli nane. Nne anaziambia euro itapanda, nne anaziambia itashuka. Anafuta zilizokosa, zinabaki nne. Anazigawa tena, zinabaki mbili. Anazigawa mara ya tatu, inabaki moja, na humo ndani yamo majina ya watu walioona kwa macho yao signali tatu mfululizo zikipatia. Ukimwambia mtu huyo kwamba ametapeliwa atakugombeza. Dawa yake ni kuhesabu tangu siku uliyojiunga wewe. Yaliyokuwepo kabla yako yachukulie kama hayapo.

Skrinshoti sitazisemea sana. Akaunti ya demo unaijaza dola 100,000 kwa kubonyeza mara mbili, na kipande cha picha hakionyeshi kama ni demo. Kinachoweza kuthibitisha ni kuiona akaunti yenyewe. MetaTrader, programu ambayo wengi hufanyia biashara hii, ina neno la siri la pili, la mwekezaji, ambalo humruhusu mtu kutazama oda na historia yote bila uwezo wa kugusa chochote. Ziko pia tovuti kama Myfxbook ambako mtu huunganisha akaunti yake na rekodi ikahakikiwa. Kwa hiyo omba, kwa adabu: "Kaka, samahani, naomba kuona akaunti unayofanyia hizi signali, kwa neno la siri la kutazama tu." Katika makundi sita niliyoomba, mawili yalinijibu vizuri. Moja lilinitoa ndani ya dakika tano. Hayo matatu hayakujibu mpaka leo. Ukipewa, usitazame faida kwanza. Tazama akaunti iliwahi kushuka kiasi gani kabla ya kupanda. Aliyewahi kupoteza nusu ya akaunti alilazimika kupata faida ya asilimia 100 ili arudi alipokuwa, na mtu hafiki huko kwa utulivu.

Kuhusu leseni, watu wanachanganya. Kenya ina kanuni za biashara ya fedha za kigeni mtandaoni tangu 2017, na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ya huko ndiyo inayotoa leseni kwa mabroka. Kwetu Tanzania, masoko ya mitaji yako chini ya CMSA, yaani Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na fedha za kigeni zinasimamiwa na Benki Kuu. Angalia jina la broka kwenye orodha ya msimamizi mwenyewe, si kwenye picha ya cheti uliyotumiwa kundini. Na hata broka akiwa safi, leseni yake haimhusu kiongozi wa kundi. Broka huyohuyo safi anaweza kukushuhudia ukipoteza kila kitu kihalali. Ulaya mwaka 2018 msimamizi wa masoko, ESMA, alieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu wa kawaida kwenye biashara za aina hii hupoteza pesa. Hizo ni akaunti za mabroka wenye leseni.

Jambo dogo ambalo wageni huliruka: Ijumaa ya kwanza ya mwezi kwa kawaida hutoka takwimu za ajira za Marekani, saa tisa na nusu alasiri kwa saa zetu, au saa kumi na nusu wakati Marekani wamerudisha saa nyuma. Dakika hizo spredi hupanuka na bei huruka. Signali za wakati huo ziandike ukurasa wake peke yake, maana ushindi wake na hasara yake havikuambii kitu kuhusu kundi.

Sasa, ikitokea arobaini zako zimeisha na daftari linaonyesha faida kwa bei ulizozikuta wewe, anza na pesa ambayo ikipotea hutamkopa mtu. Cheza loti 0.01 kwa mwezi mzima, hata kundi likishangilia loti nzima. Na kabla ya oda ya kwanza, weka dola 30, kisha zitoe. Usifanye chochote, zitoe tu. Mpaka ujumbe wa kupokea uingie kwenye simu yako na salio liongezeke, bado hujajua kama una akaunti au una picha ya akaunti. Mimi ya kwangu ilichukua siku mbili, na zilirudi 28 na senti.