Nyuzi kwenye uvimbe wa tumbo zina maana gani?

SWALI: Habari za kazi, mhariri. Baba yangu ana miaka 62, amefanyiwa upasuaji wa saratani ya tumbo. Majibu ya maabara yameandikwa "T3 N1" na chini yake "stroma zaidi ya asilimia 50". Ndugu mmoja anasema hapo hana muda tena. Ni kweli?
Msomaji, Masasi, Mtwara

JIBU: Pole kwa kuuguza. Asilimia hiyo haihesabu siku za mtu, na huyo ndugu amewatia hofu mapema mno. Hata hivyo haikuandikwa ovyo.

Uvimbe wa saratani haujengwi na seli za saratani tupu. Katikati yake kuna nyuzi, mishipa midogo ya damu, seli za kinga na seli zinazotengeneza hizo nyuzi. Hayo yote kwa pamoja ndiyo stroma. Vunja muhogo uliokaa sana shambani utaona: unga upo, lakini nyuzi zimetawala. Mtaalamu wa patholojia, anayechunguza nyama ya mgonjwa kwa darubini, hutafuta kwenye slaidi (kioo chenye kipande chembamba cha nyama hiyo) mahali penye stroma nyingi kuliko pengine, akitumia lenzi inayokuza mara 10, na seli za saratani lazima zionekane pande zote nne za duara analolitazama. Kisha hukadiria kwa makumi: 30, 40, 60. Ikizidi 50, stroma ni nyingi. Kipimo hiki kilielezwa Leiden, Uholanzi, mwaka 2007 kwa saratani ya utumbo mpana, kisha kikajaribiwa kwenye tumbo. Hakidai mashine mpya, slaidi ileile ya kila siku inatosha.

Seli zinazotengeneza nyuzi huzichochea seli za saratani zikue na kuzisaidia kupenya mbele. Ndiyo maana, ukilinganisha makundi ya wagonjwa, wenye stroma nyingi kwa jumla huishi muda mfupi zaidi. Nasisitiza makundi: ndani ya kila kundi wapo wanaokwenda kinyume na makadirio.

Kwa baba, mimi ningeanza na T na N. T3 ni kwamba uvimbe umepita misuli ya tumbo bila kutoboa utando wa nje. N1 ni kwamba tezi za limfu 1 au 2 zilizo karibu na tumbo zimekutwa na saratani. Ulizeni zilichunguzwa tezi ngapi. Zinatakiwa 16 au zaidi. Zikiwa 5 tu, hiyo N1 huenda inaficha mengine. Ulizeni pia kama kingo za mkato ni safi, yaani hazina seli za saratani, na kama alipata kemo (dawa za kuua seli za saratani) kabla ya upasuaji, kwa sababu kemo huua seli na kuacha kovu, na kovu huipandisha stroma. Kama hakupata, mgonjwa wa T3 N1 mwenye nguvu za kutosha kwa kawaida hushauriwa kemo baada ya upasuaji, ianze ndani ya wiki 6 hadi 8. Msikae nyumbani mkibishana juu ya asilimia wakati wiki hizo zinapita.

SWALI: Tunapeleka nyama ya upasuaji Dar es Salaam, mara nyingine inarudi na jibu "haisomeki". Tunakosea wapi?
Muuguzi, Lindi

JIBU: Mara nyingi kosa hutokea chumba cha upasuaji, kabla basi halijaondoka. Fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, huingia kwenye nyama takribani milimita 1 kwa saa. Tumbo likitumbukizwa zima, limefungwa, ndani linaoza huku nje limeiva. Lipasueni kwa urefu, lisuuzeni taratibu bila kusugua, kisha liwekwe kwenye chombo cha mdomo mpana. Fomalini iwe ya asilimia 10 yenye bafa (kemikali inayoizuia isigeuke asidi), ujazo mara 10 ya nyama. Maji ya chumvi hayahifadhi, na spiriti huikakamaza nyama.

Kwa joto la Lindi msisubiri zamu ibadilike; nyama iingie kwenye fomalini ndani ya saa moja. Ikae saa 6 au zaidi, isipite 72, maana ikizidi hapo kipimo cha HER2 (protini ya seli za saratani inayosaidia kuchagua dawa) kinaweza kutoa jibu lisiloaminika. Seli huoza kabla ya nyuzi, kwa hiyo nyama iliyochelewa inaweza kusomwa kuwa na stroma nyingi kuliko ukweli, na mgonjwa akabebeshwa jibu ambalo si lake. Jina liandikwe kwenye mwili wa chombo. Mfuniko huhama.