Maduka chini, makazi juu: majibu kwa wasomaji wa Mombasa

Tangu niandike juu ya mipango ya kubomoa nyumba za zamani kisiwani na kujenga maghorofa yenye maduka chini na makazi juu, maswali yamekuja mengi. Leo najibu manne.

Nyumba yetu alijenga babu, lakini kiwanja ni cha mtu mwingine na tunamlipa kodi ya ardhi. Akipatana na mjenzi, sisi tuna chetu? (Majengo)

Mnacho, ndugu yangu. Nyumba bila ardhi ni desturi ya Pwani yenye mizizi katika sheria ya Kiislamu: jengo laweza kuwa na mwenyewe, na udongo ukawa na mwenyewe mwingine. Shida ni kwamba afisa wa mipango akifungua ramani huona namba ya kiwanja na jina moja tu. Vile vyumba sita vinavyotazamana ukumbini, na wapangaji waliomo, havimo. Basi jitokezeni mapema. Kusanyeni risiti za kodi ya kiwanja, hata zile za babu zilizoanza kuliwa na mchwa, pamoja na karatasi za mirathi kutoka kwa kadhi na picha za kila chumba. Pelekeni nakala afisi ya mipango ya kaunti, na msiondoke bila mhuri wa kupokelewa.

Sheria ya Ardhi, tangu marekebisho ya 2016, inadai ilani ya maandishi ya angalau miezi 3 hata kwa anayedaiwa kukaa kwenye ardhi ya mtu bila haki. Lakini ilani haimlipi mtu nyumba. Fidia ijadiliwe na iandikwe kabla tingatinga halijaletwa.

Maji yatatosha? (Tudor)

Kwa hali ya sasa, hapana, na hili linanitia wasiwasi kuliko urefu wa majengo. Maji yetu ya bomba hutoka nje ya kaunti: Mzima kule Taita Taveta, Baricho kule Kilifi, Marere na Tiwi kule Kwale. Bomba likipasuka njiani, mtaa mzima unarudi kwa mikokoteni ya mitungi. Tena sehemu kubwa ya kisiwa haina mabomba ya majitaka, watu wanategemea mashimo. Palipokaa familia nne pakikaa arubaini, uchafu utapenya mawe ya matumbawe mpaka visimani. Mkiitwa mkutano wa kujadili mipango hii, ulizeni mambo mawili: maji yatatoka wapi, na majitaka yataenda wapi? Msikubali jibu la mdomo.

Nauza mahamri na mbaazi kwenye baraza ya jirani. Nitapata nafasi? (Makadara)

Usipotajwa kwenye mchoro, mama, hutapata. Duka la kioo lina kodi ambayo karai moja la mahamri haliwezi kuilipa. Daini baraza za nje na vibanda vidogo vya kodi nafuu vichorwe tangu mwanzo. Mtaa wa Biashara, watu wanaishi juu ya maduka miaka na miaka, na mitaa ya namna hiyo huchangamka kwa sababu mdogo na mkubwa wanauza pamoja.

Kaunti ikishaidhinisha, twaweza kupinga? (Kizingo)

Ndiyo, chini ya sheria ya mipango ya ardhi ya 2019. Aliyeguswa na uamuzi ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza malalamiko ya mipango, kisha Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Siku hizo huhesabiwa tangu uamuzi utolewe, kwa hivyo fuatilieni afisini kila wiki.