Soketi imevunjika, fundi anataka kuuza kompyuta

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Toyota Celica GT-Four ya 1991, injini 3S-GTE. Asubuhi hapa Arusha haiwaki mpaka nikanyage mafuta, na ikiwaka inatetemeka na kutaka kuzima. Ikishapata moto inatulia kabisa. Taa ya cheki injini siku nyingine inawaka, siku nyingine haionekani. Gereji wamebadilisha plagi, wamesafisha nozeli, sasa wanasema ni kompyuta na wanayo ya kuniuzia. Mimi nimeona soketi ya sensa ya joto la maji imekatika kilimi cha kufungia, mtu kaikaza kwa kamba ya plastiki. Je, ndiyo hiyo? Na ikibidi, ninunue waya zote za injini?
Msomaji, Arusha

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kompyuta waachie wenyewe. Macho yako yameona kuliko gereji nzima.

Sensa ile haina maajabu. Kompyuta inaipelekea volti 5, na upinzani wake unashuka kadiri maji yanavyopata moto. Soketi ikiachia, ni sawa na waya uliokatwa. Toyota za wakati ule hapo huwasha taa, huandika kosa namba 22, kisha hujifanyia hesabu kwamba maji yana nyuzi 80. Sasa injini iliyolala kwenye baridi ya Arusha inapimiwa mafuta ya injini iliyokwisha chemka, itawaka vipi? Ikipata moto kweli, hesabu ya uongo na hali halisi vinakutana, na wewe unadhani ugonjwa umepona.

Hakikisha kabla ya kugusa chochote. Chini ya boneti kuna kiboksi cha kupimia chenye kifuniko. Unganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kupiga stata, uhesabu taa inavyopepesa. Mbili, kituo, mbili: hiyo ndiyo 22. Kisha chomoa soketi upime upinzani wa sensa yenyewe kwa mita ya umeme. Kwenye nyuzi 20 itoe kiloomu 2 hadi 3, na kwenye nyuzi 80 ishuke hadi omu 200 mpaka 400. Ikitoa hivyo ni nzima, usiibadilishe. Upande wa waya, swichi ikiwa imewashwa, uone karibu volti 5. Ukiziona, zitikise waya taratibu karibu na soketi huku ukitazama mita. Namba zikicheza, waya umekatika ndani ya ganda lake, mara nyingi palepale unapoingilia kwenye soketi.

Tuje kwenye ukarabati, maana hapa ndipo watu wanapoharibu. Plastiki iliyokaa kwenye joto miaka thelathini na zaidi imekauka kama biskuti. Hata ukiigundisha kwa gundi kali, mtikisiko wa barabara ya vumbi utaivua tena. Na kamba ya plastiki inavuta soketi upande mmoja, pini moja inagusa, nyingine inaning'inia. Ndiyo maana taa yako inakuja na kuondoka.

Tafuta soketi ya umbo hilohilo. Carina na Corona za miaka ile zilizokatwa spea zinazo nyingi. Ukimtuma mtu kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, ampe muuzaji sensa mkononi waijaribishe, asinunue kwa macho. Aombe ikatwe na waya mrefu, shibiri nzima. Wauzaji wanapenda kukata shingoni, na waya mfupi ni wa kutupa.

Pini zako zikiwa bado zinang'aa, usikate waya wowote. Vunja ganda la zamani kidogokidogo kwa koleo, lina haki ya kufa. Toa pini, zichomeke kwenye ganda jipya mpaka usikie zimebana, kisha vuta kila waya kidogo kuona kama pini inatoka. Pini zikiwa na kutu ya kijani, hapo ndipo unakata. Kata waya mmoja mfupi na mwingine mrefu kidogo ili viungo visikae bega kwa bega. Vaa kwanza ule mpira unaonywea kwa moto, wenye gundi ndani, ndipo uunge. Ukishaunga hauingii tena, na lugha ya mafundi hapo haifai kuchapishwa. Mimi napenda kiungo cha kubana kwa koleo lake kuliko kuunga kwa risasi ya kuyeyusha, kwa sababu risasi inaufanya waya mgumu na unakatikia pembezoni mwake. Ukitumia risasi, ufunge waya usicheze. Kusokota na kuzungushia tepu nyeusi, hapana.

Kwenye sensa hii ya waya mbili hata ukizipishanisha haidhuru. Usiende na mazoea hayo kwenye sensa zilizomo ndani ya distribyuta, kile kigawa cheche: zile zinatengeneza umeme wenyewe, ukigeuza waya unageuza ishara, na cheche zinapotea njia. Waya zake zenye wavu wa kukinga, wavu huo uunganishwe vilevile ulivyokuwa.

Ukimaliza, toa fyuzi iliyoandikwa EFI kwa nusu dakika ili kosa la zamani lifutike. Waya zote za injini usinunue. Za mtumba zina soketi za umri uleule. Gari la ukoo ulioshinda Safari Rally mfululizo kuanzia 1992 hadi 1995, mwaka 1994 likiwa mikononi mwa Mkenya Ian Duncan, halistahili kuchinjwa kwa ajili ya kilimi cha plastiki.

SWALI: Fundi, mimi niko Tanga, chumvi ya bahari inanila soketi. Nipake grisi ya kawaida?

JIBU: Hapana. Grisi ya mafuta inavimbisha mpira wa kuzuia maji. Tumia ya silikoni, kidogo tu, kwenye mpira wenyewe. Na kama ule mpira haupo kabisa, kama ninavyokuta kwenye magari mengi, tafuta mpira kwanza.