Kabla Hujanunua Tripodi ya Safari, Itikise

Jioni moja nilikuwa Irente, Lushoto, pale juu ya jabali ambapo mlima unakatika ghafla, na chini unaiona Mazinde na nyika ya Wamasai mpaka macho yachoke. Nilikuwa nasubiri giza liingie. Picha niliyoitaka nilikuwa naiwaza tangu basi lilipopita Chalinze: taa za vijiji zikiwaka moja moja, na magari ya barabara kuu yakichora mstari mrefu wa mwanga huko bondeni. Nikaweka shata, kile kipazia kinachoingiza mwanga kwenye kamera, ibaki wazi sekunde 15, kamera juu ya tripodi, ile stendi ya miguu mitatu, nikapiga picha 34. Kwenye kioo kidogo cha kamera zilipendeza. Nilipofika gesti nikazikuza, kila taa ilikuwa na mkia. Hakukuwa na hata moja ya kuokoa, na tiketi yangu ya kurudi Dar ilikuwa ya alfajiri.

Ukingo wa mlima una upepo, na hilo nililijua. Tatizo lilikuwa tripodi. Ilikuwa ile ya plastiki yenye miguu membamba, inayouzwa kwa ajili ya simu, na niliichukua kwa sababu mbili tu: bei yake ilikuwa shilingi 35,000, na boksi lilisema inafika karibu mita moja na nusu. Tangu siku hiyo nimemiliki nyingine tatu, moja nikaiuza, moja ikavunjika, na moja ndiyo ninayosafiri nayo mpaka leo. Nayaandika haya kwa ajili ya mtu anayeweka akiba ya kununua moja, ili asirudie safari yangu.

Anza na begi. Chukua begi unalosafiri nalo kweli, lipime urefu wa ndani kwa futi kamba. Langu la mgongoni lina sentimita 45. Tripodi inayokunjika kufikia sentimita 40 inaingia na zipu inafunga. Ya sentimita 55 itabaki nje, utaifunga pembeni, na kwenye daladala itamchoma abiria wa jirani. Kwenye bodaboda utakaa umepinda mgongo njia nzima. Kwenye basi konda atakwambia iende kwenye buti, na huko italaliwa na magunia. Baada ya safari mbili za namna hiyo utaanza kuiacha nyumbani. Uzito wa juu ninaoukubali kwa tripodi ni kilo 1.5. Ukikuta ya bei nafuu iliyo chini ya kilo moja, ujue kuna kitu kimepunguzwa, na mara nyingi kilichopunguzwa ni unene wa mguu.

Hapo kwenye mguu ndipo naomba ukae na mimi kidogo.

Watengenezaji wanaifupisha tripodi kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuipindua miguu kwenda juu izunguke kichwa, pale kamera inapofungwa. Hiyo haina madhara, inakugharimu sekunde chache tu za kuikunjua. Njia ya pili ni kuugawa mguu vipande vingi, 4 au 5, vinavyoingiana kama antena ya redio. Kila kipande lazima kipite ndani ya kilichotangulia, kwa hiyo cha mwisho, kile kinachokanyaga ardhi, kinatoka chembamba sana. Kilichobeba kamera yako yote ni vile vijiti vitatu vya chini. Ile yangu ya Irente, kipande cha mwisho kilikuwa chembamba kuliko kidole changu kidogo, na ukikibana katikati kwa vidole viwili kilikuwa kinapinda. Kwa hiyo ukiwa dukani, vuta miguu yote mpaka mwisho na uangalie chini kwanza. Kati ya mbili zilizolingana kwa bei, yenye vipande 4 vinene ninaichukua mbele ya yenye vipande 5, hata kama ni ndefu kwa sentimita tatu ikikunjwa.

Kisha kuna nguzo ya kati. Urefu ulioandikwa kwenye boksi karibu kila mara umehesabiwa nguzo hiyo ikiwa imepandishwa mpaka juu. Ukiipandisha, kamera inakaa juu ya fimbo moja, na fimbo hiyo ndiyo inayocheza. Uliza urefu bila nguzo. Sentimita 120 mpaka 130 zinanitosha kabisa, kwa sababu kamera yangu ina kioo kinachofunguka, naweza kuinama kidogo nikaona kila kitu. Mita moja na nusu ya boksi usiilipie kama huna kazi nayo.

Na kilo je? Boksi litakwambia tripodi inabeba kilo 8, au 10. Canon 200D yangu na lenzi yake ya milimita 18-55 havifiki gramu 700 kwa pamoja, kwa hiyo kwa hesabu hiyo kila tripodi ya dunia hii ingenifaa. Namba hiyo inasema tu kwamba haitavunjika au kuteleza. Haisemi kama itatulia, na wewe unachonunua ni utulivu.

Utulivu unapimwa hivi. Nenda dukani na kamera yako na lenzi ndefu kuliko zote ulizonazo. Mimi nabeba ya milimita 55-250. Ifunge juu ya tripodi, miguu yote nje, nguzo chini. Vuta lenzi mpaka 250, washa kuangalia kwa kioo cha nyuma, kisha kuza mara 10 ukitazama kitu cha mbali chenye maandishi, kwa mfano bango la ng'ambo ya barabara. Zima kizuia mtikisiko cha lenzi. Sasa gonga mguu mmoja kwa kidole, taratibu, kama unayebisha mlango wa mtu aliyelala. Maandishi yatatetemeka. Hesabu. Yakitulia kabla hujamaliza "moja, mbili", hiyo ni tripodi. Yakiendelea mpaka nne, tano, shukuru, irudishe. Muuzaji mwenye bidhaa nzuri hatakasirika. Mmoja aliwahi kunigongea mwenyewe, tukalinganisha tatu kwa zamu huku chai inapoa.

Nunua iliyo na kichwa cha gololi, kinachozunguka juu ya tufe, chenye pleti (kibao kinachofungwa chini ya kamera) ya mtindo wa Arca-Swiss. Pleti za mtindo huo zinaingiliana kati ya kampuni nyingi, kwa hiyo ukipoteza moja huko Kigoma hujapoteza tripodi nzima. Vile vichwa vyenye mkono mrefu wa kusukumia ni vya video, vinakula nafasi kwenye begi. Jaribu kichwa kwa kuilaza kamera ubavu, kaza, achia mkono, subiri dakika nzima ukiangalia ukingo wa picha. Kikiteremka hata kidogo, kwa picha ya usiku hakifai.

Alumini au nyuzi za kaboni? Kaboni ni nyepesi na inatuliza mtikisiko vizuri zaidi, lakini bei yake mara nyingi ni karibu mara mbili. Kampuni ya Peak Design walipotoa tripodi yao ya safari mwaka 2019, ya alumini ilikuwa dola 350 na ya kaboni dola 600, na tofauti ya uzito ni gramu 300 hivi. Gramu 300 ni chupa ndogo ya maji. Kwa mtu wa akiba, chukua alumini. Ukitaka kipimo cha tripodi ya kawaida ya safari, tazama Manfrotto Befree Advanced ya alumini: inakunjika sentimita 40, inafika 150 nguzo ikiwa juu, ina kilo 1.49. Kisha zile za bei ya chini, kama za K&F Concept na Neewer, zilinganishe na vipimo hivyo kipengele kwa kipengele. Yangu ya sasa niliipata ya mkononi kwa mpiga picha wa harusi aliyekuwa anabadilisha vifaa, kwa chini ya nusu ya bei yake ikiwa mpya. Tripodi haina betri wala umeme wa kuzeeka. Ukikuta iliyotumika na vifungio vya miguu yake vinakaza, usiione haya.

Kuna safari ambazo usinunue kabisa. Kama unakwenda mbugani na utapiga ukiwa ndani ya gari, miguu mitatu haina pa kusimama. Shona mfuko wa kitambaa, tia kilo moja ya maharage, ulaze kwenye dirisha na lenzi juu yake. Na kama safari yako ni Mji Mkongwe, zile baraza za mawe mbele ya nyumba ni meza tayari: tripodi ndogo ya kiganjani inatosha, tena haizibi uchochoro wala haimvuti mlinzi kuja kuuliza una kibali gani.

Ila Zanzibar ndiko nilikovunja ile moja. Nilikuwa Jambiani alfajiri, maji yamekupwa, kina mama wa mwani bado hawajashuka. Nikasimamisha miguu kwenye mchanga wenye maji, nikapiga, nikarudi Dar na boti ya mchana, nikaiweka pembeni mwa kabati. Wiki mbili baadaye kifungio cha kuzungusha cha mguu wa chini kilikuwa kinasaga, krrr, kama meno yaliyokuta jiwe kwenye wali. Nikalazimisha kwa nguvu. Kikapasuka.

Sasa nikienda pwani, navuta kwanza kipande chembamba cha chini kabisa, hata kama sihitaji urefu, ili maji ya chumvi yasifike kwenye kifungio cha juu yake. Nikikanyagisha miguu kwenye mchanga naisukuma mpaka igome, ndipo napanga picha, maana isipogota itazama yenyewe katikati ya shata. Kamera naiacha ijipige kwa saa ya sekunde 2, kidole changu kisiiguse. Nikirudi naisuuza kwa maji baridi ya bomba siku hiyohiyo, nafungua kila kifungio, navuta vipande nje, navipanga juu ya kanga kwa mfuatano wake ili visichanganyike. Mchanga unaokaa kwenye nyuzi za skrubu nautoa kwa mswaki wa zamani. Naanika kivulini usiku kucha. Asubuhi napaka grisi kidogo sana, ya kulainisha tu, kwenye nyuzi peke yake, kisha narudisha kipande kimoja kimoja nikisikiliza. Kikiingia kimya, kiko safi. Kikisaga, nakitoa tena.