Kuhusu kupeleka mitumba kwenye misheni ya Chamwino

Ndugu katika Kristo, umeuliza kama vijana wenu wa Dar es Salaam wabebe mitumba kwenye misheni ya Chamwino, Dodoma. Mimi nisingeibeba, kwa kuwa nguo zinapatikana mnadani, na anayeishi kwa kuziuza ndiye mtakayemharibia soko. Mwulizeni kwanza mwinjilisti wa huko pamoja na mwenyekiti wa kijiji. Hata katika Matendo 6, watu 7 waliowekwa kuwahudumia wajane walichaguliwa na jamii yenyewe. Tena msiende Januari, wakati watu wako shambani na akiba ya mtama na uwele inapungua, maana mwenyeji atajinyima ili awalishe (Wagogo ni wakarimu mno). Nendeni baada ya mavuno, mkiwa na unga, maharage na maji yenu ya kunywa.