Barua kwa mwanangu: Kilichoilinda Kenilworth

Mwanangu,

Umeniuliza kwa nini Mfalme Henry III wa Uingereza aliizingira ngome ya Kenilworth tangu Juni hadi Desemba 1266 asiweze kuibomoa. Ni maji, na aliyeyajaza pale ni baba yake mzazi.

Kwanza tupitie ngome ya Rochester, 1215. Mfalme John, baba yake Henry, aliwazingira humo mabaroni (mabwana wakubwa wenye ardhi) waasi, lakini mitambo ya kurusha mawe haikuuangusha mnara mkuu. Wachimbaji wakaingia chini ya pembe yake ya kusini-mashariki. Kazi yao ni kutoa udongo chini ya msingi huku wakisimika magogo yaushikilie ukuta. Pembe ikishakaa juu ya magogo matupu, shimo hujazwa kuni na kutiwa moto. Hapo ndipo pagumu: chini hewa ni haba, gogo nene huungua juujuu likazima. Basi tarehe 25 Novemba John akaagiza nguruwe 40 wanono kabisa, wasiofaa sana kwa kitoweo. Alichotaka ni mafuta ya kukolezea moto. Pembe ikaporomoka, ingawa waliokuwa ndani walijibana nyuma ya ukuta wa kati, wakala farasi wao, hadi wakasalimu amri tarehe 30.

John huyohuyo ndiye aliyeimarisha Kenilworth: kuta za nje, na tuta la kuzuia vijito hadi ziwa likatanda kusini na magharibi. Kwenye ardhi kama hiyo ukichimba, maji yanakufuata. Moto utauwasha wapi? Halafu Henry, kwa mkono wake, akampa ngome hiyo Simon de Montfort mwaka 1244, bwana ambaye baadaye aliongoza uasi dhidi yake. Simon aliuawa katika vita vya Evesham Agosti 1265, wafuasi wake wakabaki ndani ya Kenilworth. Henry alileta hata mashua kutoka Chester ashambulie kwa ziwani. Wapi!

Kilichowashinda waasi ni wingi wao. Walizidi 1,000. Kwa kulinda kuta ni neema, kwa ghala ni balaa: kilo moja ya nafaka kwa kila mtu ni tani nzima kwa siku. Tarehe 31 Oktoba waliambiwa wakomboe kwa fedha ardhi zao walizonyang'anywa, wengi kwa mara tano ya pato la mwaka. Wakakataa. Kisha njaa, baridi na maradhi vikawaingia, na katikati ya Desemba wakatoka, kuta zikiwa zimesimama.

Ukifika Rochester, tazama minara ya pembeni. Mitatu ni ya mraba. Wa kusini-mashariki ni wa duara, maana ulijengwa upya.

Baba yako